Mstari wa Kwenye Korido

Mstari ule niliuchora mwenyewe, kwa msumari, kwenye sakafu ya korido ya nyumbani kwetu, nikiwa mwaka wa kwanza chuoni. Mama alinifokea karibu wiki nzima. Sakafu ya saruji anayoisugua kwa mikono yake, halafu binti anakuja kuichanachana eti anasoma! Nikamwambia ni kazi ya darasa. Tulikuwa tumefundishwa kipimo cha kuruka kwa mguu mmoja: unasimama kwenye alama, unaruka mbele, unatua kwa mguu uleule na unatulia bila kuyumba. Kila mwanafunzi alitakiwa atafute mtu wa kumpima, na mtu wangu alikuwa mdogo wangu.

Mtaa mzima unamwita Breki, kwa kuwa hana. Anacheza winga, na akishika mpira, beki wa upande wake anaanza kumwomba Mungu. Siku ile aliruka kuanzia kizingiti cha jikoni, mguu wa kulia mita moja na sentimita tisini na mbili, wa kushoto vilevile, ukiacha tofauti ya upana wa kidole. Nikakwaruza msumari pale kisigino kilipotua.

"Weka na jina langu," akasema. "Nikiwa staa watakuja kupapiga picha."

Sikuweka jina. Niliandika tarakimu kwenye daftari, mwalimu akanipa tiki, daftari likaenda chini ya kitanda na mimi nikaendelea na maisha yangu.

Mwanzoni mwa mwaka wangu wa nne Breki akaumia. Hakugongwa na mtu. Alikuwa anageuka tu, peke yake, mguu wa kushoto ukabaki kwenye nyasi, mwili ukaenda. Kano ya ndani ya goti ikakatika. Akafanyiwa upasuaji, akawekewa kano nyingine, akaambiwa asicheze mechi kwa miezi tisa. Na mimi, kwa kimbelembele changu, nikaenda kwa mwalimu wetu wa tiba ya viungo kuomba mdogo wangu awe ndiye mgonjwa wa mradi wangu wa mwisho.

Mwalimu huyo tunamwita Bi Goti, ingawa si mbele yake. Ana miaka thelathini kwenye kazi, hacheki ovyo, na akikushika goti anaweza kukuambia hata ulilalia ubavu gani.

"Ndugu yako?" akaniuliza. "Akikulilia, utaweza kumwambia hapana?"

"Nitaweza," nikasema. Ningeshindwaje, mimi niliyekuwa naongoza darasa?

Basi tukaanza. Kila asubuhi Breki alikuja kwenye chumba cha mazoezi cha chuo, chenye vioo vilivyoingia ukungu pembeni na harufu ya dawa ya kuchua isiyoisha hata madirisha yafunguliwe yote. Wiki za kwanza kazi ilikuwa kukunja goti na kulinyoosha, kukunja na kulinyoosha, kisha kunyanyua mguu ukiwa umefungiwa kifuko cha mchanga kwenye kifundo. Ulikuwa umekonda mpaka unatia huruma. Mwenyewe aliuita Babu.

"Leo Babu kaamka vibaya," ananiambia akiwa mlangoni.

"Mpe shikamoo yangu, halafu panda kitandani."

Tulicheka sana miezi ile. Nalisema hili lijulikane, kwa sababu siku hizi nyumbani kwetu hakuna anayecheka.

Mwezi wa saba wa mazoezi, timu moja ya daraja la juu ikatangaza majaribio ya kutafuta wachezaji. Yangefanyika mara tu miezi tisa yake ikitimia. Breki alikuwa na miaka ishirini na mbili. Mwaka unaofuata wasingemtazama mara mbili, maana wanataka watoto wa miaka kumi na minane.  Alichomoa karatasi ya tangazo kutoka kwenye soksi, akaikunjua, akaiweka juu ya daftari langu, akapanda kitandani kama kawaida. Ili akubaliwe kushiriki alihitaji fomu ya ruhusa kutoka kwa anayemtibu. Yaani mimi, na sahihi ya Bi Goti chini ya yangu.

Kanuni tuliyoitumia ni nyepesi. Mguu ulioumia ukiruka angalau asilimia tisini ya mguu mzima, mtu anaruhusiwa kurudi uwanjani. Siku ya kipimo nilitandaza utepe sakafuni. Mguu mzima, mita moja na sentimita arobaini na nane. Babu, mita moja na arobaini na moja. Nikapiga hesabu mara mbili. Asilimia tisini na tano! Breki akanikumbatia mpaka mbavu zikaniuma, nami nikalia kama mjinga mbele ya wagonjwa wa watu.

Kwenye fomu palikuwa na sehemu moja imeandikwa: Vipimo vya kabla ya kuumia, kama vipo. Nikaandika, Hakuna. Naapa siku hiyo sikuwa nadanganya. Lile daftari la mwaka wa kwanza lilikuwa limenitoka kabisa kichwani, na hata lisingenitoka, mazoezi ya wanafunzi wapya nani anayaita vipimo? Bi Goti akaisoma fomu, akarudia kusoma pale penye Hakuna, akatia sahihi.

Aliyeona ni Mama. Zilikuwa zimebaki siku mbili kabla ya majaribio, na mimi nilikuwa jikoni namenya viazi. Akaingia, akasukuma mlango nyuma yake.

"Huyu mwenzio nimemwona asubuhi anarukaruka koridoni," akasema kwa sauti ya chini. "Hafiki kwenye mstari wako."

"Mstari gani tena?"

"Si ule ulioniharibia sakafu! Hafiki hata kwa huo mguu wenyewe mzima. Zamani alikuwa anafika kwa miguu yote miwili. Au ni mimi sioni vizuri?"

Kila siku narudi hapo. Nilikuwa na kisu mkononi na ujuaji mdomoni, na nikamjibu mama yangu mzazi bila hata kuinua macho: "Mama, hatupimi watu kwa misumari. Tunalinganisha mguu na mguu. Ndivyo sayansi ilivyo."

"Haya," akasema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Hakusema kwa kebehi. Alisema kwa kuniamini, na hilo ndilo linaloniua.

Kwa sababu mguu mzima nao ulikuwa umekaa miezi tisa bila kukimbia. Nao ulikuwa umelegea, ila hakuna aliyeuonea huruma kwa kuwa haukuwa na kovu. Nilikuwa nimechukua mgonjwa nikamlinganisha na mgonjwa mwenzake, wote wawili wakaonekana wazima. Ningelinganisha na mstari wa koridoni ningepata asilimia sabini na tatu, na hakuna mwenye akili timamu anayempeleka uwanjani mtu wa sabini na tatu. Na si kwamba sikufundishwa. Bi Goti alituonya juu ya jambo hilohilo mwaka wa tatu. Niliandika maneno yake mwenyewe, nikayapigia mstari kwa kalamu nyekundu, nikajibu swali lake kwenye mtihani na nikapata.

Siku ya majaribio, ilikuwa dakika ya kumi na moja ya mchezo. Mama alikaa pembeni yangu, amevaa gauni lake la kutokea, kwa kuwa alikuwa hajawahi hata siku moja kwenda kumtazama mwanawe akicheza. Breki akapokea mpira, akampita wa kwanza kama hayupo, Mama akanishika mkono. Akageuka ampite wa pili. Mguu ukabaki. Nilimwona akipiga ardhi kwa kiganja, mara tatu, nikajua kabla hata mwamuzi hajapuliza filimbi.

Kano mpya ilikatika, na safari hii ilipasua na gegedu, ule mfupa laini wa ndani ya goti. Daktari wa upasuaji akasema Breki atatembea vizuri tu. Akaishia hapo, na Breki hakumuuliza la zaidi. Tulipobaki wawili wodini nilimuuliza kama ni kweli alijipima koridoni akaona hafiki.

"Nilijipima."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema tisini na tano," akajibu. "Nikakuamini wewe, nikaona sakafu ndiyo yenye kasoro."

Nilitoka nje nikalia mpaka muuguzi akaniletea maji.

Ripoti ilibidi iandikwe, maana mradi ni mradi. Wiki iliyopita nikasimama mbele ya jopo la watahini watatu, Bi Goti akiwa katikati. Nilieleza upasuaji, mazoezi, vipimo na ajali. Nilieleza kwa ufasaha kabisa hatari ya kulinganisha miguu miwili ambayo yote imedhoofika, nikaonyesha na michoro. Mtahini aliyetoka chuo kingine akawa anaitikia kwa kichwa na kuandika. Bi Goti akavua miwani.

"Nina swali moja. Mgonjwa ni mdogo wako, mmekua nyumba moja. Hukuwa na kipimo chake chochote cha zamani?"

Daftari la mwaka wa kwanza lilikuwa ndani ya begi langu, chini ya meza, linagusa mguu wangu. Nilikuwa nimelichimbua chini ya kitanda, nikalifuta vumbi, nikaja nalo kwa nia ya kulitoa. Nilichotakiwa ni kuinama tu. Nikafikiria miaka minne yote. Nikafikiria sahihi yangu kwenye ile fomu, na ya kwake chini yake. 

"Hakikuwepo," nikasema.

Bi Goti akavaa miwani yake, akasema sawa.

Nikafaulu kwa alama za juu kuliko wote. Yule mtahini mgeni akanipa mkono, akanisifu kwa uaminifu wa kukiri mapungufu ya kazi yangu. Wenzangu wakaninyanyua juujuu nje ya mlango, nami nikacheka nao, Mungu anisamehe.

Nilipofika nyumbani Breki alikuwa koridoni, amekaa kwenye kiti na mguu ameuweka juu ya stuli, magongo yameegemea ukuta. Mama alikuwa anafagia kuelekea jikoni. Niliwaambia nimefaulu. Mama akaushika uso wangu kwa mikono yake miwili yenye vumbi, akasema hongera mwanangu, akarudi kwenye ufagio wake.

"Hongera, mtaalamu," akasema Breki. "Wamekuuliza nini?"

Ningeweza kusema chochote. Lakini kwa siku moja uongo ulikuwa umenitosha.

"Wameuliza kama kulikuwa na kipimo chako cha zamani."

Ufagio ukasimama.

"Ukasemaje?"

"Nikasema hakikuwepo."

Laiti angenitukana. Laiti angenirushia hata gongo, ningelipokea. Alitazama tu sakafuni, pale kisigino chake kilipotua enzi zile, kisha akavuta gongo moja akaugusa mstari kwa ncha yake, polepole, mwanzo hadi mwisho.

"Basi mletee Mama saruji kidogo," akasema. "Auzibe."

 Mama akainama akaendelea kufagia, na alipofika kwenye mstari akapitisha ncha ya ufagio ndani yake, kama anavyofanya kila siku, ili vumbi lisikae.