Ng' ya Ng'ombe

Kompyuta ilipomkatalia mara ya tano, Mung'aro aliinuka, akazunguka chumba, akakaa tena. Saa nne unusu hiyo. Saa nane alitakiwa awe Mbaraki, kwenye kampuni iliyomwita kwa usaili wa kazi, aonyeshe programu yake ya kuandikisha wagonjwa wa zahanati. Alikuwa ameiandika yote kwenye kompyuta ya kuazima. Hii yake mpya haikuwa na zana za kuiendesha, zile zinazoifanya programu moja ifunguke kwenye simu za kila aina. Na ajira hii aliitaka hadi usingizi ukamhama. Miaka miwili tangu amalize chuo si mchezo.

Kuzisakinisha ni rahisi, walisema. Unaandika amri moja tu, programu ya kusimamia vifurushi vya zana hizo inakwenda yenyewe mtandaoni kuvichukua na kuvipanga. Amri moja! Vifurushi vilishuka vyote, kisha maandishi mekundu yakajaa kioo. Akafuta, akaanza upya. Akazima, akawasha. Viazi karai vilipoa pembeni, hata kimoja hakukigusa.

Mwisho akaikumbatia kompyuta, akashuka ngazi mbio hadi kwa Khubaib, fundi wa simu aliyepanga ghorofa ya chini ya nyumba ile ya mtaa wa Ndia Kuu.

"Yakhe, tuliza moyo," Khubaib alisema, macho kwenye kioo. "Tazama hapa. Yaenda kwenye folda yako yenye jina lako, yafika Mung, ikisha yakatika. Haiijui ng' ya ng'ombe. Ikiona hicho kialama cha juu yadhani maneno yamekwisha."

"Jina la babu yangu hilo!"

"Mimi nimekukataza? Fungua akaunti nyengine, ujiite Ali, umalize kazi."

Mung'aro alichemka. Watu gani hawa, wanaunda zana za dunia nzima halafu jina la mtu linawashinda? Aliwatukana wao na walimu wao. Kisha akafungua akaunti aliyoiita Mgeni, na kabla ya adhuhuri zana zikakaa, programu ikafunguka.

Huko Mbaraki, msimamizi alikuwa Bi Duha, mama wa makamo asiye na haraka. Aliishika simu yenye programu ile, akabonyeza huku na huku, akatabasamu.

"Hebu wewe uwe mgonjwa wetu wa kwanza," alisema, akaliandika jina kama lilivyo kwenye barua ya maombi.

Simu ikajibu: Jina si sahihi. Tumia herufi tu.

Bi Duha akaliandika tena, polepole. Jibu likawa lile lile.

"Nani aloliweka sharti hili?"

Uso ulimwaka Mung'aro. Aibu aliyoiona, laiti sakafu ingepasuka ikammeza.

"Ni mimi, Bi Duha."

"Na zahanati yenyewe iko wapi?"

"Kaloleni," alisema. "Kwetu. Kina Mung'aro wamejaa huko."

Akaomba dakika kumi alirekebishe. Akapewa tano.