Malkia Kinywani mwa Joka

Wanawake wa karakana ya batiki ya Pak Darsono, yaani Bwana Darsono, walichora vitambaa kwa nta huku simu ikiwasimulia riwaya ya majoka, kila mhusika na sauti yake, mapanga yakilia. Wagiyem, mmoja wao, aliiweka simu karibu na Mbah Tukinem, bibi mwenye masikio mazito.

"Zimeni!" alifoka Pak Darsono. "Riwaya husomwa kwa macho. Mimi ninayo hiyo, kurasa mia tisa. Nyinyi mnalishwa kama watoto!"

"Lakini Pak, malkia yumo kinywani mwa joka," alisihi Mbah Tukinem. "Na macho yangu nimeyamalizia kwenye vitambaa vyako."

"Mkiwasha tena, simu naichukua."

Wagiyem akazima. Tajiri akazunguka vitambaa, akarudi, akakohoa.

"Huyo malkia... amemezwa?"

"Si unacho kitabu, Pak?" alisema Wagiyem. "Kasome utusimulie."

Wote walikijua kitabu chake. Kilikaa kabatini sebuleni, bado kimevaa nailoni ya dukani.

Pak Darsono akavuta kigoda, akaketi kando ya Mbah Tukinem.

"Haya, washa," alinong'ona. "Ila anzia joka lilipotokea. Pale nyuma ya mlango sikusikia vizuri."