Mashine Mbili, Chumba Kimoja

Mama mjalidi alipopigiwa simu kwamba hospitali kongwe ya mji inataka ajalidi upya daftari mia mbili za wodi ya wazazi, alikaa kwenye ngazi akacheka peke yake. Hakuwahi kupata mzigo kama huo. Humo yalikuwamo majina ya karibu kila aliyezaliwa mjini kwa miaka sitini, mumewe akiwa mmoja wao.

Sharti lilikuwa moja. Karakana yake ilikuwa chumba cha chini ya nyumba, na chumba hicho kilitoka jasho. Kuta zilikuwa na ukungu, gundi ilichukua siku tatu kukauka, majalada yakajikunja. Mhifadhi nyaraka wa hospitali alisema angekuja baada ya siku kumi na kipimo chake mwenyewe. Unyevu ukizidi asilimia hamsini na tano, daftari hazitoki.

Akamwita mdogo wa mumewe, fundi umeme ambaye nyumba nzima ilimwita Uniti, kwa sababu hakuweza kuona taa inawaka bure akanyamaza. Uniti aliweka kipima unyevu mezani, sindano ikapanda hadi themanini na mbili. Kabla ya kutaja mashine yoyote, alitaka ufa wa dirisha uzibwe na mfereji wa paa uliokuwa ukimwaga maji ukutani ugeuzwe. Yakafanyika siku hiyohiyo. Sindano ikashuka hadi themanini, ikagoma hapo.

Dukani, muuzaji aliwapeleka moja kwa moja kwenye mashine kubwa ya kunyonya unyevu, akaisifu mpaka povu likamtoka. Uniti alikuwa ameshachuchumaa pembeni, anasoma kibandiko cha mashine ndogo. Kwa siku ilivuta nusu ya maji ya ile kubwa, lakini ilikula robo tu ya umeme wake. Muuzaji akasema hiyo ni ya kuchezea.

"Basi tuazime zote mbili," mama mjalidi akajikuta anasema. "Itakayoshindwa inarudi."

Muuzaji alifikiri kidogo, akakubali. Hata yeye alitaka kujua.

Nyumbani ikawa kama fainali. Mume alijipa urefa, akakaa kwenye ngazi na saa mkononi. Ile kubwa ilinguruma mpaka vikombe vya jikoni vikatetemeka, na kwa saa tano ikaishusha sindano hadi hamsini. Kipimo cha umeme ambacho Uniti alikichomeka kwenye plagi kilionyesha uniti sita, na mashine ikaendelea kunguruma kana kwamba haijaambiwa kazi imekwisha.

Mume alitaka ndogo iwashwe palepale. Mama mjalidi akakataa katakata.

"Chumba kishakauka, mume wangu. Huko ni kupiga penalti kipa hayupo."

Wakaacha mlango wazi, wakatundika mashuka mabichi mle ndani siku mbili, mpaka sindano ikarudi themanini. Ndogo ikawashwa saa kumi na mbili asubuhi. Adhuhuri sindano ilikuwa bado kwenye sitini na nane. Uniti hakugusa chakula. Mama mjalidi alipanda na kushuka ngazi mpaka mumewe akamwomba achague upande mmoja. Saa kumi na moja jioni mashine ililia *tik*, ikanyamaza.

Wote watatu waliruka, wakidhani imekufa. Uniti akasogeza uso kwenye kipima unyevu: hamsini kamili. Ilikuwa imejizima yenyewe. Kwenye plagi, uniti tatu na kitu.

"Shemeji," alisema, "imetumia karibu nusu."

Mama mjalidi akamkumbatia, refa akiwa katikati.

Siku ya kumi mhifadhi nyaraka alikuja. Alipima katikati ya chumba, akapima nyuma ya rafu, akapima hata chini ya meza. Mama mjalidi alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Hatimaye mgeni akaandika arobaini na tisa kwenye fomu yake, akatia sahihi.

"Nitarajie daftari lini?" mama mjalidi akauliza.

"Maboksi ya kwanza yako kwenye gari hapo nje," mhifadhi akasema. "Niliomba Mungu nisirudi nayo."

Mama mjalidi akapanda ngazi mbilimbili kwenda kufungua geti.