Darasa Lililokuwa Nyuma ya Azimio

Mpwa wangu alikuwa anafundisha darasa la kwanza kusoma, na kosa lake lilikuwa moja tu: watoto walikuwa wanajifunza.

Nilifika kwa dada yangu nikitokea huko nilikotokea, nikasema nitakaa siku mbili tatu. Dada akacheka, akanionyesha kitanda cha sebuleni, maana siku mbili tatu zangu anazijua. Binti yake alikuwa mezani anakata maboksi ya sabuni vipande vipande, na kila kipande anakiandika silabi. Nikapewa mkasi kabla ya chai.

"Kata sawasawa, mjomba," akaniambia. "Kipande kikipinda, mtoto anakikumbuka kwa kule kupinda kwake. Maandishi hayaangalii tena."

"Na akikumbuka si ndiyo vizuri?"

"Atakuwa anajua boksi, hajui kusoma."

Nikakata sawasawa. Mimi mwenyewe shule nimeidonoa kama kuku. Herufi nilifundishwa na fundi cherehani, kuandika nikafundishwa na mlinzi wa ghala, na madarasa niliyokalia kwenye dawati hayajai kiganja. Kwa hiyo mambo ya mitaala yalikuwa mageni kwangu, na mpwa wangu akanieleza huku anakata.

Mwanzoni mwa muhula, mwalimu anaandika azimio la kazi. Azimio linasema wiki fulani watoto watakuwa wanajua nini. Linaandikwa kabla watoto hawajaonekana sura. Kuanzia hapo kazi ya mwalimu ni kulifuata, na kazi ya mtoto ni kutomwangusha mwalimu. Azimio la shule yao lilisema kwamba sasa hivi darasa la kwanza wote wako kwenye hadithi ya bata, katikati ya kitabu. Watoto wa mpwa wangu walikuwa bado wanaunganisha silabi. Alisimama pale makusudi, akakataa kufunua ukurasa mpaka wazishike.

"Mkaguzi anakuja," dada akadakia kutoka jikoni. "Mwambie mjomba wako alivyosema mkuu wenu."

"Amesema mkaguzi akitukuta hatuko kwenye bata, wale watoto anapewa mwalimu mwingine."

"Na wewe?"

"Mimi nitapewa watakaobaki." Akaweka mkasi chini. "Wamebakiza kidogo tu, mjomba. Wengine wanaanza kushika, unaona kabisa mtoto anashtuka, kama kaguswa bega. Nikiwaacha sasa wataimbishwa, na wakishaimbishwa basi."

Kuimbishwa alikokuwa anakuogopa nilikusikia mwenyewe nilipompelekea maboksi shuleni. Darasa la kwanza lilikuwa na mikondo miwili, na mkondo wa pili ulikuwa wa mwalimu waliyemwita Kengele. Huyo bwana alikuwa hajawahi kuchelewa azimio tangu aajiriwe. Alikuwa anasoma mstari, watoto wanaupokea kwa sauti moja, mabati yanatetema, halafu ukurasa unafunuliwa. Walikuwa wameimaliza hadithi ya bata na sasa walikuwa kwenye hadithi ya soko. Nilisimama dirishani nikaona raha, nisiseme uongo.

Mwalimu mkuu akanikuta hapo.

"Mzee, unaishi mtaa huu?"

"Kwa sasa, ndiyo."

"Vizuri. Kwenye azimio kuna safu ya ushiriki wa jamii, na siku ya ukaguzi tunahitaji jamii. Utakaa nyuma darasani kwa mpwa wako. Usiongee."

Ndivyo nilivyopata cheo.

Jioni nikamshauri mpwa wangu kwa busara za mtu asiyejua kazi. Nikamwambia siku ya ukaguzi waimbishe tu hiyo bata, kesho yake urudi kwenye silabi zako. Nani kafa? Akavipanga vipande vyake vya silabi mezani. Halafu akasema, "Nitajaribu, mjomba. Kwa ajili yao."

Kengele hakuwa na hiyana. Kesho yake alikuja mwenyewe kuwafundisha wimbo wake, akasimama mbele ya ubao, akapiga kofi la kuanzia.

"Baba ana bata sana. Bata ana bawa sana. Pokeeni."

Hawakupokea. Wote walikuwa wameinamia vitabu. Kulikuwa na binti mdogo dawati la mbele waliyemwita Kidole, kwa sababu hasomi bila kuburuta kidole chini ya mstari, na ukikishika kidole chake anakwama hapo hapo. Kidole akanyoosha mkono.

"Mwalimu, sana iko wapi?"

"Haimo kitabuni, mwanangu. Hiyo ni ya mdundo."

Watoto wakaanza kuutafuta mdundo kwenye ukurasa. Mmoja akaenda mpaka kwenye jalada. Kengele akajaribu tena, akajaribu polepole, akajaribu bila sana, lakini kila akianza mstari wao wako kwenye neno la kwanza, wanalibomoa na kulijenga. Mwisho akafuta jasho, akamgeukia mpwa wangu kwa huruma ya kweli.

"Dada yangu, hawa wameshaharibika. Ukiwaambia someni, wanaangalia kitabu."

Mkaguzi alikuja asubuhi, mama wa makamo, mpole, viatu vya kutembelea, saa ya kupimia kasi ikining'inia shingoni. Alikuwa na karatasi ya kupimia ambayo wao wanaiita chombo. Chombo kinataka kujua mtoto amesoma maneno mangapi ya hadithi iliyopangwa kabla saa haijalia. Kisichokuwa kwenye hadithi iliyopangwa, chombo hakina habari nacho.

Alianza kwa Kengele. Tulisikia mabati yakitetema, kisha vicheko, kisha makofi. Alipoingia kwetu alikuwa bado anatabasamu.

Mpwa wangu alisalimu, akaandika tarehe ubaoni, akafungua ukurasa wa bata. Chaki ilikatika mkononi mwake, akaendelea na kipande. Mimi nilikaa nyuma nikiwa jamii, magoti yamenifika kidevuni.

Mkaguzi akaketi na Kidole kwenye dawati moja, akabonyeza saa.

"Soma, binti."

Kidole akaweka kidole. "Ba. Ba. Baba." Akamtazama mkaguzi kuona kama wamekubaliana kuhusu baba. "A. Na. Ana. Ba. Ta." Akafikiri. "Bata. Baba ana bata." Akacheka peke yake, kama vile habari za huyo bata ndiyo kwanza zinamfikia. Na ndiyo kwanza zilikuwa zinamfikia. Alikuwa ameanza mstari wa pili saa ilipolia.

Mkaguzi akamwita wa pili, akamwita wa tatu. Mwendo ule ule. Mwalimu mkuu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaanza kuangalia dari. Mpwa wangu alikuwa amejiegemeza ubaoni, na tarehe ikamfutikia mgongoni.

Mkaguzi akavuta chombo chake, akaandika. Alikuwa mwalimu kabla hajawa mkaguzi, na mwandiko wake ulikuwa wa duara, mkubwa, kama wa ubaoni. Kidole alikuwa bado yuko pembeni yake na hajaambiwa aache. Kidole chake kikatoka kwenye kitabu, kikapita kwenye mbao za dawati, kikapanda juu ya karatasi ya mkaguzi.

"Wa. To. To. Watoto," akasoma. "Ha. Wa. Ju. I. Hawajui." Kidole kikasogea. "Ku. So. Ma. Watoto hawajui kusoma."

Kidole akainua uso kwa mpwa wangu, ana wasiwasi kweli.

"Mwalimu, watoto gani?"

Mkaguzi alikuwa ameshaweka kiganja juu ya karatasi, lakini dawati la nyuma walishasimama kutaka kuona, na mmoja akasema, "Tuachie tusome na sisi, mama."

Mwalimu mkuu akasema twende tukanywe chai.

Chai ilinywewa ofisini, na mimi nikaitwa kwa sababu jamii inashirikishwa mpaka kwenye chai. Mkaguzi alikoroga kikombe ambacho hakikuwa na sukari.

"Mwalimu," akamwambia mpwa wangu, "mimi nimemsikia yule mtoto. Tangu nianze kazi hii hakuna aliyewahi kunisomea chombo changu."

"Asante, mama."

"Lakini chombo hakikumsikia. Pale alipotakiwa kusoma, amesoma mstari mmoja. Pale aliposoma, hakutakiwa."

"Si unaweza kuandika hivyo hivyo, mama?"

"Niandike wapi? Kuna safu ya kasi, na kuna safu ya maoni, na ya maoni nimeshaijaza." Akanywa. "Nimeijaza hayo aliyoyasoma."

Mwalimu mkuu akauliza kama kufuta kunaruhusiwa. Mkaguzi akasema chombo kikifutwa ukaguzi unahesabiwa haukufanyika, na itabidi waanze upya shule nzima, mkondo wa pili ukiwemo. Mwalimu mkuu akasema hakuna haja ya kufika huko.

Matokeo yakaja. Kengele alichukuliwa na idara awe mkufunzi, azunguke kuwafundisha walimu wenzake mbinu za kusomesha. Alikuja nyumbani kuaga, akamletea dada sukari, akatuambia anaogopa kidogo, maana walimu ni wagumu kupokea kuliko watoto. Watoto wa mpwa wangu walipewa mwalimu mpya. Mpwa wangu mwenyewe akapewa mkondo wa Kengele.

"Mkuu amesema hao nitawafaa," alitwambia mezani. "Amesema wameshajua kusoma, sitaweza kuwachelewesha."

Dada alitaka kusema neno, nikamkanyaga mguu. Mpwa wangu alikuwa hali, anasukuma chakula pembeni ya sahani. Kwa mara ya kwanza nilimwona kama alivyokuwa akiwa mdogo, anapozuia kulia kwa kukunja pua.

"Na wale wako?" nikauliza.

"Leo wakati wa mapumziko wamenizunguka. Kidole kanishika begi, kanisomea lebo yake mpaka mwisho, na nyuma pia, mpaka maneno ya jinsi ya kulifua." Akasukuma sahani mbele. "Hao wameshaponyoka, mjomba. Waliobaki, wale waliokuwa wanakaribia, ndio sijui. Kesho wanaanza wimbo."

"Na hawa wapya?"

Akashika kijiko, akakiweka. Nikaona pembe ya mdomo inacheza, hata yeye hakuwa amepanga.

"Nimewakuta kwenye hadithi ya soko. Wameniimbia yote, hawakukosea hata mahali pamoja. Nikawaambia wafunge vitabu, tuanze upya, taratibu, silabi moja moja."

"Wakafunga?"

"Wakafunga," akasema. "Wakaendelea kusoma."