Walikuwa Wawili Majini

Mto ulipomchukua Kristina, watu wa Mkuyuni walimsifu mama yake kwa kujikaza. Lakini Martina hakuwa amejikaza. Hakulia kwa sababu kilio hakikuja. Alipokea rambirambi, akapika, akapalilia mananasi yake, na chakula mdomoni kilikuwa kama unga wa mbao. Rozari aliisali kila jioni kama mtu anayepukuchua mahindi: mikono inafanya kazi, mwenyewe hayupo.

Siku ile wasichana walikuwa wawili, wakishuka mlimani na mizigo ya ndizi. Huko juu mvua ilikuwa imenyesha, chini kukavu. Maji yaliwakuta katikati ya kivuko. Rahel, binti wa jirani yao Editha, alishika mzizi mpaka watu waliokuwa wakifua wakamvuta. Kristina alipatikana kesho yake, mbali.

Jumamosi moja asubuhi, mwezi na kitu baada ya mazishi, zamu ya sala za jumuiya ikaangukia nyumbani kwa Martina. Watu waliketi kwenye mikeka uani. Wakaimba, Injili ikasomwa, kisha ukafika wakati wa kutoa shukrani. Editha akasimama.

"Namshukuru Mungu," alisema, macho chini, "kwa kumwokoa mwanangu na maji."

"Amina," wakaitikia, kwa sauti ndogo.

Mzee Yeremia, katekista wao, akamgeukia mwenye nyumba. "Mama Kristina, tufungie kwa sala."

Miaka yote Martina ndiye aliyefunga sala, maneno aliyajua. Akafumba macho. "Baba Mwenyezi, asante kwa..." Akajaribu tena, neno likagoma palepale.

"Baba," akasema, sauti kavu kama anamuuliza jirani habari za mbuzi aliyepotea, "walikuwa wawili majini. Mmoja ulimwona. Wangu hukumwona? Au ulimwona ukamwacha? Kila asubuhi nilikukabidhi yule mtoto. Sasa nilikuwa namkabidhi kwa nani? Mimi leo sina asante. Nikisema ninayo nitakuwa nakudanganya, na wewe unajua."

Mama mmoja akaanzisha wimbo wa kumfunika. Yeremia akainua mkono. "Mwacheni. Hajamaliza."

"Nimemaliza," Martina alisema. "Sina lingine. Amina."

Yeremia akaitikia peke yake, "Amina." Hakuongeza mahubiri. Alivaa viatu vyake, akampa Martina mkono, akaenda zake.

Wengine walipokwisha kuondoka, Editha alibaki akikunja mikeka.

"Unanichukia, Mama Kristina?"

"Sijui. Sisikii kitu."

"Nisiposhukuru naogopa. Nikishukuru nakuona wewe." Editha alifuta pua kwa ncha ya khanga. "Na Rahel hapiti tena njia hii. Anazungukia kule mashambani, anasema hawezi kukutazama."

Martina akaupokea mkeka mikononi mwake. "Mwambie apite."

Rahel alikuja Jumatatu. "Shikamoo, mama," alisema mlangoni, na hata marahaba hakuisubiri. Aliangua kilio. Martina hakulia. Alimvuta ndani, akakilaza kile kichwa mapajani mwake, wakakaa hivyo mpaka miguu ikamfa ganzi.

Jioni, kabla ya kuwasha moto, aliketi peke yake jikoni. Rozari aliiacha msumarini.

"Hujanijibu," alisema.

Akangoja. Hakusikia kitu, wala ndani yake hakukusogea kitu. Nje mtu alimpitishia salamu, akaitikia. Kisha akaanza kumweleza Mungu toka mwanzo, polepole, kana kwamba Yeye siku ile hakuwepo: jinsi Kristina alivyoamka amechelewa, wakagombana kidogo juu ya khanga iliyolowa, na jinsi alivyotoka bila kunywa chai.