Kiberiti Kwenye Debe la Unga

Kila asubuhi Letisia alificha kiberiti ndani ya debe la unga, akachukua kigae chake, akapanda kwa jirani kuomba moto. Ungemwona ungemcheka. Mwanamke mwenye jiko la gesi na nyumba ya bati la kisasa la msauzi, anazunguka kijiji cha Kifanya na kigae kama enzi za bibi yake!

"Kamwene, Mama Jeni. Kiberiti kimeniishia tena."

"Kamwene, Mama Alois. Kaa kwanza, moto hauna haraka."

Basi wakaota moto mpaka ukungu utoke, wakiwasengenya waliohama. Na waliohama walikuwa wengi, umbea haukuwaishia.

Alois, mwana pekee wa Letisia, anaendesha malori Kanada, na ni mtoto mwema, tusimsingizie. Kila hela yake ilipofika, mama yake alinunua shamba la jirani na kupanda misindano, miti ya mbao. Alianza na la Linus, likafuata la Prisila, mwisho karibu kitongoji kizima. Waliouza walijenga mjini Makambako, wakafungua maduka. Vijana waliobaki walipata vibarua vya kupanda na kupogolea. Kwenye mkutano wa kijiji mwenyekiti alimsimamisha Letisia, akapigiwa makofi kwa kuleta maendeleo. Maendeleo yalikuja kweli. Yalimzunguka pande tatu, yakapita paa lake kwa urefu, na siku hizi jua lilimfikia saa nne asubuhi. Upande wa nne alibaki Mama Jeni peke yake.

Na Mama Jeni naye alitaka kuuza. Baridi ilikuwa imemmaliza magoti, na binti yake alishamwandalia chumba Makambako.

"Hela ya Alois bado tu?"

"Bado, jirani yangu. Huko nako mambo yamekaza."

Uongo mtupu. Hela ilikuwa kwenye simu yake tangu mwezi uliopita. Alois alipouliza, naye akadanganywa. "Mama Jeni amekataa katakata, baba. Mbishi yule!"

Letisia alisahau jambo moja tu: ukaidi Alois aliurithi kwake. Kijana alitafuta namba ya Mama Jeni, akampigia mwenyewe.

Jioni hiyo Mama Jeni alishuka na fimbo yake, hasira zimempanda.

"Mwanao ananibembeleza niuze shamba ambalo mimi nakusihi ulinunue! Nimekukosea nini, Mama Alois?"

Letisia aliketi kizingitini. Machozi yakamtoka.

"Naogopa. Ukiondoka, nitaomba moto kwa nani?"

Mama Jeni akajishusha taratibu akaketi kando yake.

"Kiberiti unacho. Kila siku unakuja na unga mikononi, mimi si kipofu."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, usingekuja." Akayasugua magoti yake. "Lakini haya hayanielewi, mwenzangu. Nipe hela yangu niende."

Akampa. Jumamosi Mama Jeni alipanda lori la mbao, mbele kwa dereva, akapunga kanga dirishani mpaka miti ilipolificha lori. Letisia alibaki barabarani hata vumbi lilipokwisha kutua, hana pa kwenda.

Mvua zilipoanza, vibarua walipanda misindano hadi pale lilipokuwa jiko la Mama Jeni. Alois akapiga simu, sauti imejaa furaha.

"Hongera, mama! Sasa ni kwetu mpaka barabarani. Hakuna tena jirani wa kugombania naye mpaka."

"Kweli, baba. Hakuna."

"Nikutumie nini?"

Alifikiri sana. Yote aliyoyakumbuka hayatumwi kwa simu. "Sina shida, mwanangu."

Asubuhi yake aliamka, akachukua kiberiti na kwenda nacho kwenye debe kama kawaida. Mkono ulikuwa umeshazama kwenye unga ndipo alipokumbuka. Akakitoa, akakipangusa kwa kanga, akawasha moto wake mwenyewe.