Kichwa Kilichoshika Nafasi ya Pili

Katika saluni ya Wembe mteja hakuwa na ruhusa ya kujitazama mpaka kazi iishe. Kiti kilikipa kioo mgongo na televisheni uso, na sababu yake ilikuwa ya kazi, si ya jeuri. Mteja anayejiona akitengenezwa huanza kushauri, mteja anayeshauri hugeuza shingo, na shingo ikigeuka mstari wa nywele nao unakwenda kombo. Aliyeomba kioo kabla ya wakati alijibiwa kwamba kioo hakisuki.

Jina la Wembe alipewa na wateja kwa ajili ya ulimi, maana wembe wenyewe alikuwa hautumii. Akikwambia nywele zako zimekufa, zimekufa. Hakuna mafuta wala maombi ya kuzifufua. Watu walikuja hivyo hivyo, kwa kuwa mikono yake ilikuwa haikosei. Yeye mwenyewe alijisifu kwamba mikono hiyo ina macho yake, kwa hiyo macho ya usoni huyaachia yatazame yanachotaka.

Siku hiyo, hata hivyo, ulimi ulikuwa umetiwa kufuli. Mgeni aliyetarajiwa kitini alikuwa Matroni, msimamizi wa wauguzi hospitalini, mama wa kijana aliyetaka kumwoa binti yake Wembe. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wameshakaa na kuelewana. Baba wa kijana alikuwa amekubali siku nyingi. Matroni peke yake ndiye aliyekuwa hajasema ndiyo wala hapana. Alisema bado anatazama. Na kijana alikuwa mtoto wa mama, tena bila kuona haya: mama asipotoa neno, hakuna harusi.

Basi asubuhi binti alimketisha mama yake jikoni kama mtoto anayepelekwa shule kwa mara ya kwanza. Alimsihi, kama kila mara Matroni alipowatembelea miezi hiyo, aseme "ndiyo, mama" na "vizuri, mama", na akomee hapo. Asimwambie mgeni habari za unene. Asimkosoe kijana wake. Asimuulize anatazama nini muda wote huo na kama amepoteza kitu.

"Na kama huna neno tamu, mama, kunywa maji."

Matroni hakuwa hata ameketi vizuri, Wembe ameshamaliza chupa nzima.

Matroni alikuwa mwanamke wa mgongo ulionyooka, mwenye sauti ya kuamuru vitanda visogezwe. Alitaka kitu cha heshima: nywele zote zirudi nyuma, zifungwe fundo moja kichogoni, basi. Alasiri alikuwa anakwenda kupigwa picha, na picha yenyewe ingetundikwa ukutani mapokezi, mahali ambapo kila mgonjwa angeiona kabla hajamwona daktari.

"Vizuri, mama," alisema Wembe.

Matroni alimtazama kwa shaka, kama unavyomtazama mgonjwa anayedai haumwi popote.

Mpaka kucha, yule wa kuwatia wateja rangi vidoleni, aliyekuwa na meza yake karibu na mlango, alikuwa anatafuta tamthilia kwenye televisheni. Akaangukia mashindano ya mbwa, na rimoti ikamgandia mkononi. Mbwa walikuwa wanatembezwa juu ya zulia la kijani, wamechanwa, wameoshwa, wameinua pua, na kando yao wanakimbia watu wazima waliovaa suti. Kulikuwa na jaji, bibi mmoja mwembamba, aliyekuwa anawafunua midomo na kuwapapasa migongo. Muuza viatu wa duka la jirani, ambaye kichwa chake kilikuwa ndani ya draya na kwa hiyo hakujua kwamba anapiga kelele, aliuliza hao mbwa wanaomba kazi gani.

Mashindano hayatazamwi bila upande. Mpaka kucha alimchukua shepadi, mbwa wa polisi, akisema huyo angalau mwizi atamsikiliza. Muuza viatu alimchukua mbwa mwenye nywele ndefu zilizonyooka mpaka zikafagia zulia, na palepale wakaanza kubishana kama ni zake au za kubandika. Wembe alimchagua mweupe, aliyenyolewa kiuno na miguu akaachiwa matufe ya manyoya hapa na pale. Ndipo Matroni, bila kuulizwa na mtu, akatangaza kutoka kitini kwamba wake ni buldogi, yule mfupi mwenye mashavu yaliyoteremka. Alisema anamkumbusha daktari wao mkuu, mtu ambaye hajawahi kucheka lakini pia hajawahi kuchelewa.

Halafu akamgeukia binti, aliyekuwa pembeni anakunja taulo.

"Na wewe, mwanangu, uko na nani?"

Mpaka kucha akapunguza sauti ya televisheni. Kumchagua mweupe ni kumkana mkwe. Kumchagua buldogi ni kumkana mama mzazi. Binti alilikunja taulo, akalikunjua, akalikunja tena.

"Namchukua yule mwenye mgongo mrefu na miguu mifupi," alisema. "Kichwa kinaweza kukaa kwa mama huyu na mkia kwa mama yule, na kila mmoja akajua anaye."

Matroni alitoa sauti fulani puani, ambayo binti aliihesabu kicheko na Wembe akaihesabu mafua. Kisha binti akaenda chumba cha nyuma kupika chai, na kwa kufanya hivyo akamwacha mama yake bila mlinzi.

Mwanzoni Wembe alijitahidi. Lakini mbwa hawakuwa miongoni mwa watu aliokatazwa kuwaambia ukweli. Alianza na mwenye nywele ndefu, akasema ncha zote zimekatika na mwenye mbwa anadanganywa na mwanga wa taa. Akamhamia shepadi, kwamba kiuno kimemlegea, anatembea kama mtu aliyeazima viatu. Kila aliyepita alipata haki yake, na kila neno lilimshusha mabega Wembe, kama mtu anayetua mzigo. Alipofika kwa buldogi alisita, akaitazama ile chupa tupu.

"Sema," alisema Matroni.

"Anahema kama kapandishwa ngazi, mama. Na hajafanya kazi yoyote, kashushwa tu kwenye gari."

"Wako kavaa soksi za manyoya akasahau suruali."

Hapo wakaanza. Mmoja akitupa, mwenzake anadaka na kurudisha. Matroni aliuliza yule mweupe ni mbwa au ni brashi ya chupa. Wembe alisema buldogi uso wake ulikunjwa kabla haujakauka. Mpaka kucha aliacha kazi kabisa, na mteja wake, ambaye alikuwa na kidole kimoja tu kilichobaki, hakulalamika.

Muda wote huo mikono ya Wembe ilikuwa inaendelea na kazi, maana haikuhitaji ruhusa ya mtu. Kichwa cha Matroni kilikuwa na utajiri wa nywele, nzito, laini, zinazokubali kila unachoziambia. Na mbwa mweupe kila aliporudi kwenye zulia, Wembe aliishiwa na masihara. Tufe la utosini lilikuwa duara kamili, halina pembe, halina unywele uliotoroka. Na ya masikioni yamelingana kama mapacha. Alisema aliyemtengeneza mbwa yule ni mtu wa kazi, na angejua anakokaa angempelekea salamu. Akachambua, akafunga, akachanua kwa chanuo, akakandakanda kwa viganja. Kutoka kwenye draya, muuza viatu alikuwa anapandisha nyusi na kuzishusha kwa nguvu. Wembe alidhani joto limezidi, akampunguzia.

Binti alirudi na chupa ya chai, akasimama mlangoni kama aliyekanyaga msumari.

"Tayari," alisema Wembe, na kwa mkono uliozoea akakizungusha kiti.

Televisheni ilitazamana na kioo. Kwa hiyo Matroni alipojiona hakujiona peke yake. Ndani ya kioo kulikuwa na vichwa viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma ya bega, vyote na matufe matatu, moja utosini na mawili juu ya masikio, yamechanuka, yamelingana. Kimoja kilikuwa kimetoa ulimi.

Matroni aligeuka kushoto. Akageuka kulia. Aligusa tufe la utosini kwa kidole kimoja, likabonyea na kurudi.

"Mbona yule kasukwa kama mimi?" aliuliza.

Kuna msemo wa wasusi wote, kwamba kosa la msusi ni mtindo mpya. Wembe aliujua, alikuwa ameshawafundisha wenzake. Angesema tu kwamba hivi ndivyo wanavyotengeneza wakubwa siku hizi, na nusu ya saluni ingeapa pamoja naye. Kule mlangoni midomo ya binti ilikuwa inamchorea maneno: vizuri, mama, vizuri, mama. Wembe akatafuta maji. Hayakuwapo.

"Hapana," alisema. "Wewe ndiye umesukwa kama yeye. Macho yalikuwa kwa mbwa, mikono ikayafuata. Nimekusuka mbwa, mama, na kosa ni langu. Lakini lile fundo la kichogoni ulilolitaka lingekufanya kitasa cha mlango, hilo nalo ujue."

Binti alifumba macho. Aliiona harusi yake ikitoka nje bila kuaga.

Wembe alikwisha kushika chanuo afumue, Matroni akainua mkono, ule mkono wa kusimamisha machela.

"Usiguse kwanza. Tuone nimeshika nafasi ya ngapi."

Akaamuru kiti kirudishwe kwenye televisheni. Waliobaki uwanjani walikuwa wachache, na shepadi na mwenye nywele ndefu walikuwa wameshatolewa. Yule mrefu wa binti alikuwa ametolewa zamani, kwa kukaa chini katikati ya mbio. Jaji alipita mbele yao polepole, mikono nyuma. Midomoni Matroni alikuwa bado yuko na buldogi wake, lakini shingoni alikuwa ameshahama: mbwa mweupe aliponyoosha kichwa, naye akanyoosha; aliposimama wima kwa ajili ya jaji, Matroni akavuta pumzi asihesabiwe tumbo. Jaji akamgusa buldogi begani. Kombe likaenda kwake, na utepe wa pili akapewa mweupe.

"Wa pili," alisema Matroni, kwa sauti ya kusoma majibu ya maabara. "Na aliyeshinda alikuwa wangu, nikamwacha kwa sababu ya nywele."

Hakuna aliyejua kama hapo panachekwa au panaombwa radhi. Matroni mwenyewe ndiye aliyeendelea. Alisema tangu mambo haya yaanze, kila akifika kwa kina Wembe anapokelewa kwa sauti za chini na tabasamu, kila kitu ni kizuri, kila swali linajibiwa kwa asali. Alisema amefanya kazi wodini nusu ya maisha yake, na ndugu wakianza kuongea hivyo yeye hujua kuna mtu anakata roho chumba cha pili.

"Miezi yote hii nilikuwa natazama nijue ni nani."

"Hakuna anayekufa," alisema Wembe. "Ni mimi nimezibwa mdomo."

"Na nani?"

Wembe alimwelekezea chanuo binti yake, bila huruma hata kidogo.

Matroni alimtazama binti kuanzia juu hadi chini, kwa heshima mpya, kama mtu aliyesikia kwamba kijana fulani amewahi kumfunga chui kamba. Akasema mtu anayeweza kumnyamazisha mama huyu kwa miezi anaweza pia kumwamsha kijana wake asubuhi, kazi ambayo yeye imemshinda tangu kijana azaliwe. Akamwambia ampigie kijana simu, waketi, wachague tarehe, ila isiwe katika zamu za usiku za Matroni mwenyewe.

Kisha akaegemea kiti.

"Fumua haya mawili ya masikioni, mkwe. La juu liache. Linanipa urefu."

Wembe alisimama mbele yake, akainamisha kichwa upande, akalikagua lile tufe kama jaji.

"Urefu halikupi, mkwe," alisema. "Linaficha mvi tu."

"Basi liongeze," alisema Matroni, na binti akatoka nje kupiga simu, chupa ya chai bado iko mkononi, hajammiminia mtu.